Mtani, Propela ya Nyuma Imetoka Tena

Kamwene, mtani.

Leo nimeanza mimi, na nimeanza kwa lugha yenu. Miaka sita ulikuwa unaingia gereji kwangu na kamwene yako ya Kihehe, makusudi, ili nikujibu mbukwa ya Kigogo kwa sauti ya ugomvi na wateja wacheke. Leo hakuna wa kucheka. Ni Ijumaa, saa nne na dakika kumi asubuhi, niko Ihumwa kwenye benchi langu, na mbele yangu gari lako la rimoti limelala chali kama kobe. Siruhusiwi kuligusa mpaka kesho saa hizi. Saa ishirini na nne. Unanijua mimi na kusubiri. Ndiyo maana nimechukua daftari.

Nianze na lililo muhimu. Kesho saa nne Suzana mwanao na mama yake wanakuja kulikomboa gari. Wanataka kwanza walione likipanda Mama Mkwe, lile jiwe letu kubwa kule nyuma ya Miyuji, kisha waondoke nalo Iringa. Funguo za nyumba ya serikali wanazikabidhi Jumatatu. Na mimi, fundi wa propela shafti wa miaka kumi na tisa, niliyeanza na darasa la saba na ndoo ya kuoshea vyuma vya watu, mimi ambaye madereva wa malori ya tani thelathini wananipigia honi wakipita hapa, nimeshindwa kufunga propela yenye urefu wa kidole changu cha kati. Tangu ufe imetoka mara kumi na moja.

Na kuna swali aliloniuliza Suzana Jumatano, nikalijibu vibaya. Hilo nitalifikia. Niache nizunguke kidogo.

Siku ya msiba wako nilifanya kazi yangu. Mgogo kwa Mhehe aliyekufa ana kazi, kama ambavyo wewe ungekuwa nayo ningetangulia mimi. Mtani halii. Mtani anachekesha waliofiwa, anamsema marehemu, na anateka kitu cha nyumba mpaka ukoo ukikomboe kwa kitu kidogo. Nilivaa koti lako la ofisini kinyumenyume, nikapita katikati ya turubai nikitangaza kwamba Mhehe huyu amelikimbia vumbi la Dodoma kwa njia ya mkato. Watu walicheka. Mama Suzana naye alicheka kidogo, kiganja mdomoni. Nikaingia ndani, nikatoka na boksi la gari kichwani, nikasema hili ni mateka, linakwenda Ihumwa, ukoo wenu ulete kuku.

Hesabu yangu ilikuwa dakika tano. Kaka yako mkubwa angeinuka, tungevutana, angeniahidi kuku wa mdomo tu, ningerudisha boksi ndani na watu wangepata nguvu ya kuendelea kukaa. Lakini ndipo gari lililobeba jeneza likaingia getini kutoka hospitali. Watu wote wakasimama. Kina mama wakaanza kulia upya. Mimi nikabaki katikati ya uwanja na boksi kichwani na koti kinyumenyume, na hakuna aliyekumbuka kwamba natakiwa kukombolewa.

Jioni, basi la kukusindikiza Iringa linapakiwa, nikamfuata shemeji, mama Suzana, nilirudishe kimyakimya. Akaniambia, "Kaa nalo, shemeji. Mimi hata kuliangalia siwezi."

Kwa hiyo nina kitu chako ambacho sikupewa wala sikurithi. Nilikiteka kwa mzaha, na mzaha wenyewe haukumalizika.

Mwezi mzima boksi lilikaa juu ya kabati. Nililishusha siku Suzana alipopiga simu kutoka chuo: "Baba mdogo, gari la baba bado linatembea?" Nikasema linatembea. Sikuwa nimelijaribu. Jumamosi iliyofuata nikaenda nalo kwenye mawe peke yangu, nikaanza na yale madogo ya chini. Dakika ya saba magurudumu ya nyuma yakaacha kusukuma. Mota inalia, gari linateleza kurudi nyuma taratibu kama mtu anayekubali kosa. Nikapiga magoti. Propela ya nyuma inaning'inia upande wa gia boksi, na kile kiskrubu kisicho na kichwa hakipo. Milimita tatu kwa milimita tatu, sawa na punje ya mtama. Nilikitafuta kwenye changarawe kwa sumaku ya spika, saa nzima na dakika ishirini. Mchungaji mmoja aliyepita na mbuzi wake aliniuliza kama nimepoteza jino.

Lori linanipa taarifa, mtani. Propela yake inashikwa na bolti nne nene kama kidole gumba, na moja ikilegea utasikia mtetemo kilomita nzima kabla haijaanguka. Gari lako propela yake inashikwa na hicho kiskrubu kimoja tu, kinachoingilia pembeni na kukandamiza kichuma kinachotokeza kwenye gia boksi. Hakitoi taarifa. Kinatoka tu, na ukijua, kimeshatoka zamani.

Nikaanza kuandika dakika ukutani kwa chaki, pale chini ya kalenda. Mara ya pili nilikaza ninavyojua mimi kukaza, mpaka zile kona sita za tundu la skrubu zikawa duara. Dakika tisa. Mara ya tatu niliweka supagluu. Dakika nne, na kubandua ilichukua siku mbili. Nikafunga waya mwembamba juu yake, ikafika dakika kumi na tatu, halafu waya ukajizungusha kwenye propela ukakata nyaya za usukani. Ningekuwa na wewe ungesema Mgogo amefunga mzigo wa kuni.

Mara ya tano niliifungua nikaiangalia kwa kioo cha kukuzia. Nikaona kile kichuma si duara kamili. Upande mmoja kimechongwa bapa, na skrubu lazima ikalie pale kwenye ubapa. Mimi nilikuwa naikalisha kwenye mviringo, inateleza kila gari likibadili mwendo. Hilo nililigundua mwenyewe, hukunifundisha, usijisifu. Dakika ishirini na mbili. Nilicheza peke yangu pale juu ya mawe.

Ndipo nikasema sasa nimalize kabisa. Ndani ya boksi kulikuwa na kile kichupa chako chekundu, gundi ya bluu ya kushika nyuzi za skrubu. Nikaweka tone, nikaikalisha kwenye ubapa, nikaacha siku nzima. Dakika kumi na tisa. Nikarudia: kumi na nane. Nikarudia tena mpaka nikafika mara kumi na moja, na haikuvuka ishirini. Niambie, fundi gani anaongeza gundi na muda unapungua? Hesabu ilikuwa inakataa, na mimi hesabu ikikataa nakosa hamu ya kula.

Unakumbuka ulivyolileta siku ya kwanza? Ulikuja na ile pikapu yako inayotetema, mtu mzima wa ofisini, tai shingoni, umehamishiwa Dodoma hata miezi miwili hujamaliza. Nilipofungua nyuma kutafuta jeki nikakuta kigari. Nikakuuliza ni cha mtoto gani. Ukasema, "Cha kwangu. Na wewe ukiwa na adabu nitakuazima." Nilikucheka wiki nzima. Jumamosi nikawa nimekaa juu ya jiwe na rimoti mkononi, ulimi nje, nalipandisha kwenye ufa ambao mbuzi angefikiria mara mbili.

Tukagawana kazi. Tukirudi kutoka kwenye mawe tunapita hapa gereji, mimi nasafisha vumbi na kupaka grisi, wewe unakwenda nalo nyumbani kukaza. Ulikuwa unasema, "Grisi ni kazi ya Mgogo. Kukaza niachie mimi, kunataka akili." Na mimi nilikuwa napaka. Propela shafti bila grisi ni kifo, hilo nimejifunza kabla sijaota ndevu. Nilipaka viungo, nikapaka vichwa vyote viwili vya propela, nikapaka mpaka tundu la skrubu likazibwa. Nilikuwa natoka jasho kwa kigari chenye uzito wa kilo mbili na nusu.

Basi Jumatano Suzana alikuja kuniletea skrubu tisa alizozikuta kwenye droo yako. Amekonda yule mtoto, lakini macho ni yako, yale ya kumkagua mtu kabla hajasema. Alinikuta nafunga propela upya. Nikachovya kidole kwenye kopo la grisi, nikaanza kupaka, naye akaanza kucheka.

Akasema, "Baba alikuwa anaifuta hiyo."

Nikamuuliza inafutwaje.

"Kila Jumamosi akirudi. Hata mikono hajanawa. Anafungua yote, anafuta grisi yako pale kwenye skrubu kwa spiriti, anaweka gundi, analiacha dirishani. Gundi haishiki penye grisi, baba mdogo."

Nilibaki na kidole juu. Kila Jumamosi. Miaka sita ni Jumamosi mia tatu na kumi na mbili. Toa za mvua, toa za likizo zako Iringa, toa ile miezi miwili nilipovunjika mkono, zinabaki kama mia mbili na arobaini. Mara mia mbili na arobaini nimepaka, mara mia mbili na arobaini umefuta, labda isipokuwa ile ya mwisho, iliyokuja kutoka dakika ya saba.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema ulisema hivi: "Akiacha kupaka grisi atajiona hana kazi, ataacha kuja."

Mtani, sisi tulitukanana kwa kila kitu. Ulisema kwetu mvua inakuja kwa mwaliko. Nilisema kwenu baridi imegandisha mpaka akili. Ulimwambia mke wangu, mbele yangu, kwamba aliolewa na mimi kwa huruma. Hakuna mlango ambao utani haukutufungulia. Na katika milango yote hiyo ukashindwa kuniambia maneno manne: usipake grisi hapo, mtani. Ningenuna siku moja. Ningenuna siku mbili. Halafu ningejua, na leo nisingekuwa mtu mzima anayefundishwa kazi yake na mtoto aliyefiwa.

Nina hasira na wewe. Nimeona niiandike, maana kuisema nimeshindwa, nikiisema watu wanadhani ni utani.

Maana hukuficha grisi tu. Mama Suzana aliniambia baada ya maziko kwamba daktari alishakuonyesha picha ya moyo wako mwaka mzima kabla. Umepanuka, alikuambia, usibebe vitu vizito, usipande milima. Na wewe Jumamosi ukawa unakuja Ihumwa, unapiga honi, kamwene.

Hapo ndipo nilipokuwa nazunguka kufika.

Kutoka tunapoacha pikapu hadi chini ya Mama Mkwe ni hatua mia moja na arobaini za kupanda. Nilizihesabu zamani, unajua mimi nahesabu kila kitu. Mwaka wa kwanza ulikuwa unazimaliza kwa dakika tatu, na boksi umebeba. Mwaka jana mwanzoni, dakika tano. Baada ya kiangazi, nane. Jumamosi yako ya mwisho ulitumia dakika kumi na moja, ukapumzika mara mbili, na boksi nilibeba mimi. Nilikuwa nakupima kwa simu. Nakusubiri juu na kukutangazia matokeo kama mtangazaji wa mbio: wa mwisho, kutoka Iringa, Mhehe asiye na magoti.

Namba zote nilikuwa nazo. Kama lori lingeniletea namba hizo, tatu, tano, nane, kumi na moja, ningelizuia lisitoke getini.

Na ulisema. Nimerudia kichwani mara nyingi, na siwezi kujidanganya kwamba hukusema. Mara ya kwanza ulisema, "Mtani, pumzi imegoma." Nikasema ipigie simu. Mara ya pili ulisema, "Nikianguka hapa anza kubeba kichwa, miguu ni mizito." Nikasema kichwa cha Mhehe hakina uzito, nitakibeba mfukoni. Mara ya tatu ni Jumamosi ile. Ulikaa chini, mgongo kwenye jiwe, uso una rangi ya majivu, ukasema, "Mtani, safari hii nakufa kweli."

Nikakujibu, "Kufa upesi nirithi gari, betri bado ina chaji."

Ulicheka. Ulicheka sana, ukashika kifua, ukacheka. Nami nikachukua rimoti.

Siku kumi na saba baadaye, Jumanne, Suzana akanipigia.

Sijui kama ulikuwa unaniambia kweli kwa njia pekee tuliyokuwa nayo, au ulikuwa unatania kama siku zote na kifo kikajiingiza chenyewe. Nimejaribu kukipigia hesabu. Hakipigiki. Ningekuwa Mrangi wa Kondoa au Mchaga wa mbali, mtu tu wa kawaida unayefanya naye kazi, ungesema nakufa na ningeshtuka, ningekushika mkono tukashuka. Mimi nilikuwa mtani. Nilikuwa na jibu.

Sasa swali la Suzana. Jumatano, alipomaliza habari ya grisi, akawa anafunga mkoba aondoke. Akaniuliza bila kuniangalia, "Baba aliwahi kukuambia wewe kwamba anaumwa? Sisi alitukataza tusimwambie mtu. Nilidhani labda wewe alikuambia."

Nikasema hapana.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Afadhali. Nilikuwa naogopa ulijua." Akanishukuru kwa kulitunza gari. Akaenda kupanda bodaboda, na mimi nikarudi kwenye benchi nikakaa, dereva wa fuso ananiita mara tatu simsikii.

Asubuhi ya leo nimefanya kama ulivyokuwa unafanya. Nimefungua yote. Nimeosha tundu, skrubu na kile kichuma kwa spiriti, mara tatu, kitambaa kipya kila mara, mpaka cha tatu kikatoka cheupe. Nimenawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika, jambo ambalo hapa gereji halijawahi kutokea kabla ya chakula. Nimechukua skrubu moja katika zile tisa. Tone moja la bluu, si mawili. Nimeikalisha kwenye ubapa, nimeizungusha mpaka ikagoma, nikaongeza robo ya mzunguko tu, nikaondoa mkono. Hapo kwenye kuondoa mkono ndipo palikuwa pagumu. Mkono huu umezoea kukaza mpaka chuma kilie.

Halafu nimeongeza langu. Nimekata kipete chembamba cha tyubu ya baiskeli, nimekivuta mpaka kikakaa juu ya skrubu na kuibana. Ikilegea, haitapata pa kuangukia. Hilo hukuwahi kulifikiria wewe na akili yako ya kukazia. Ningependa sana kukuringia.

Sasa nasubiri, na kusubiri kwenyewe siwezi. Siwezi kuijaribu, maana nikiijaribu kabla ya muda nitaivunja gundi. Upepo unaingiza vumbi, nimelifunika gari kwa kanga ya mke wangu. Nimeinuka mara nne kwenda kuliangalia. Hakuna cha kuangalia. Gundi haionyeshi kama imeshika, inaonekana vilevile ikiwa imeshika na ikiwa haijashika.

Mama Mkwe anapandwa kwa dakika nne. Rekodi yangu ni ishirini na mbili, tena na grisi ikiwemo. Kwa namba, kesho linapanda. Lakini namba nimeshawahi kuwa nazo za wazi kuliko hizi, na ulikufa.

Nilikuwa nimepanga niwapandishie gari kwanza, wafurahi, halafu niangalie kama kuna nafasi ya kusema. Nimekaa hapa tangu saa nne, sasa ni saa sita kasoro, na nimeona huo ni ujanja. Gari likipanda, Suzana atanishukuru, na mtu akishakushukuru unapata sababu ya kunyamaza. Propela ikitoka, nitajificha kwenye propela, nitapiga magoti nitafute skrubu mpaka waondoke.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Kesho, kabla hawajatoa cha kukombolea walichokuja nacho, kabla sijafunua gari, nitamwita Suzana hapa kwenye benchi na mama yake akiwepo. Nitamwambia kwamba nilimjibu uongo. Nitamwambia ulisema mara tatu, na maneno yenyewe, na mimi nilijibu nini kila mara, pamoja na lile la mwisho. Nitamwambia na dakika, tatu, tano, nane, kumi na moja. Sitachekesha. Akitaka kunipiga kofi nitasimama. Akichukua gari akaondoka bila kwenda kwenye jiwe, ni haki yake, nitambebea boksi hadi barabarani.

Na akikaa, nitamwonyesha namna ya kuifunga: spiriti, ubapa, tone, robo, halafu aache siku nzima bila kugusa. Iringa kuna mawe mengi na mimi sitakuwepo.

Pumzika, mtani. Hatua zile mia na arobaini sikuhesabii tena. Uliyoyasema niliyasikia, nimechelewa tu kuyaelewa, na kesho saa nne nitayafikisha kwa wenyewe.

Mgogo wako,
Ihumwa